Dereva Alivyochagua Gari

Wete yote tulimwita Dereva, kana kwamba mji mzima hauna mwengine anayeshika usukani. Jina lake analo, na zuri, ila mimi niliyekaa naye miaka na miaka ndani ya gari moja sikumbuki kulitamka hata mara moja. Yeye akiniita Sista. Mimi ni mkunga, yeye alikuwa dereva wa gari ya wagonjwa, na kazi yetu ilikuwa kuwachukua wanawake wenye uchungu vijijini, Gando na kwengineko, tuwafikishe hospitali kabla mambo hayajaharibika. Sasa sote wawili tumestaafu. Mimi magoti yamekwisha, yeye macho yameanza kumsumbua, na tukikutana sokoni hatuulizani habari sana. Tunatazamana tu, kila mmoja akajua mwenziwe kachoka.

Nataka kumwandika kabla sijachoka na hilo pia. Na nianze na jambo lenyewe, nisije nikawazungusha. Mtu huyu alijaaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, na mtoto huyo yuko Dubai. Tangu aende hajarudi. Mama yake alifariki yeye yuko huko huko, tukamzika bila ya mwanawe kumtupia udongo. Tangu siku ile Dereva hakuwa na haja nyengine duniani ila mwanawe arudi, japo kwa siku chache, aingie ndani ya nyumba, alale chumbani kwake, asubuhi asikike anakohoa uani. Hakumwambia mtu. Wanaume wa kwetu hawasemi mambo kama hayo. Lakini habari ya gari, ambayo watu hapa wanaisimulia huku wakicheka, huwezi kuifahamu kama hujui hilo kwanza.

Mwendo wake ulikuwa wa kuudhi. Gari ya wagonjwa watu wanaitegemea irushe vumbi, ipige kelele, kuku wakimbie. Ya Dereva wapi! Akiipandisha ile njia ya zamani yenye vilima na kona kama mtu aliyebeba uji wa moto. Kila shimo alilijua, na baada ya masika alijua limehamia wapi. Mimi niko nyuma na mama wa watu anapiga mayowe, nagonga kioo kwa nguvu: "Dereva, kaza!" Yeye hata hageuki. "Nkikaza nnamuumiza, Sista. Gari haizalishi. Weye ndo unozalisha." Basi nanyamaza, nazalisha. Wako watu wazima leo, wana ndevu na vyeo, waliokuja duniani kati ya Gando na Wete kwa sababu Dereva hakutaka kupiga shimo.

Mwanawe mwenyewe ni mmoja wao. Mkewe alishikwa na uchungu yeye yuko zamuni. Ungedhani mwanamme akiwa na mkewe nyuma, tena mimba ya kwanza baada ya kungoja sana, siku hiyo atakimbia. Ndo kwanza akapunguza! Nilimtukana njia nzima, na mkewe akanisaidia kumtukana. Mtoto akatoka tukiwa bado hata taa za mji hatujaziona, nikampokea kwa mikono hii, na Dereva akasimamisha gari pembeni, akashuka, akasoma adhana sikioni mwa mtoto, akapanda tena, akaendelea na mwendo wake ule ule. Kijana alipokuwa mkubwa alikuwa akisema: "Miye baba nlimshinda mbio siku ya kwanza." Watu wakicheka, na baba mtu akicheka kuliko wote.

Methali ya haraka haraka haina baraka ilikuwa ikimkera. Kila mtu akimtupia hiyo, kwa kumsifu au kwa kumkejeli, naye akanuna. Alisema imetungwa na watu wasiokuwa na pa kwenda. Mwenyewe hakujiona mpole. Alijiona mtu wa mbio aliyezuiwa na kazi.

Na ushahidi ulikuwapo. Mtu huyu huyu, alasiri akishakunywa kahawa yake, alikuwa akitoa simu, akaisogeza karibu na pua, akatazama mashindano ya magari. Magari ya chini chini yanazunguka uwanja, yanazunguka tena, yanaunguruma kama nyuki waliochokozwa. Mguu wake wa kulia ukikandamiza sakafu ya baraza mpaka kandambili inatoka. "Kaza! Kaza, mjinga we!" Wazee wenziwe wakimtazama kwa huruma. Siku moja nikamuuliza, wewe ndiye unayesema kaza leo? Akanijibu bila ya kuinua macho: "Kule hapana mgonjwa nyuma, Sista."

Baadaye nikaja kujua kwamba si mashindano tu aliyokuwa akiyatazama. Picha zile akiletewa na mwanawe. Kijana alikuwa fundi kwenye yadi ya kuuzia magari, na mtoto wa tajiri wake alikuwa na wazimu wa mbio, kwa hivyo siku za mapumziko alichukuliwa uwanjani kushughulikia gari. Ukitazama sana, pembeni ya picha, anapita kijana kavaa ovaroli, anavingirisha tairi, halafu hayupo. Dereva alikuwa akirudisha nyuma pale pale, anatazama tena. Alinionesha kwa ncha ya kidole. "Kakonda," akasema. Mimi sikuona kukonda wala kunenepa, niliona ovaroli.

Ukaidi wake haukuwa na mpangilio. Mkubwa mmoja wa ofisi aliwahi kumwomba ampakilie gunia la karafuu, maana gari inarudi tupu. Akakataa kwa ukali mpaka ikawa kesi. Wiki ile ile akabeba masufuria ya bibi mmoja wa halua mpaka harusini, na yeye mwenyewe akasaidia kuyashusha. Nilipomuuliza tofauti iko wapi, akasema masufuria yalikuwa mazito na bibi alikuwa anayabeba kichwani. Sakafu ya gari akiiosha kila siku kwa sabuni ya unga, na jamaa wa mgonjwa walikuwa wakivua viatu kabla ya kupanda, hata mvua ikinyesha, hata wakiwa wanalia. Wengine walimchukia kwa hilo. Mimi pia, siku nyengine.

Sasa nije kwenye salamu, maana bila ya salamu mtu huyu hayupo. Kwetu Pemba hupiti barazani pa watu kimya. Uwe kwa miguu, uwe kwa baiskeli, uwe kwenye gari ya serikali, utasalimu, ama watakusema mpaka kizazi chako. Dereva alikuwa na desturi yake: kila baraza honi moja fupi na mkono juu. Ila akiwa na mgonjwa mahututi hasalimu mtu. King'ora chetu kilikufa zamani, hakuna aliyekitengeneza, na watu wakaufahamu wenyewe ule ukimya. Gari ya Dereva ikipita bila ya honi, wanaume wanasimama, wanawake wanajifunga kanga vizuri, na kila mmoja anamwombea aliyemo ndani, hata kama hamjui.

Basi siku mwanawe alipoondoka, sisi tulikuwa tumepeleka mgonjwa Chake, na yeye akapitia uwanja wa ndege kumuaga. Mimi nilikaa ndani ya gari. Niliwaona kwa mbali, wanapeana mikono kama watu wawili waliomaliza kuuziana kitu. Akarudi, akawasha, tukaondoka, na mpaka Wete hakupiga honi hata moja. Mabaraza yote tuliyapita kimya, na nyuma ya gari hamna mtu. Nilimtazama, nikaona bora nimwache.

Tulipofika, habari ilishatutangulia kwa simu. Kwamba Dereva amepita hasalimu, Sista yuko mbele badala ya nyuma, basi mgonjwa amekwisha kufa, na kwa jinsi Dereva alivyokuwa amekunja uso maiti ni wa kwake. Tulikuta watu nyumbani kwake wameshatandika mikeka. Kina mama wanalia. Mmoja ameshakwenda kuulizia sanda. Mkewe, maskini, amekaa katikati hajui analilia nani. Dereva akasimama mlangoni, akawatazama wote, akasema: "Hapana maiti. Mwanangu kasafiri." Hakuna aliyecheka. Mikeka haikukunjwa. Watu walikaa mpaka magharibi, wakanywa kahawa, wakaondoka mmoja mmoja kama wanavyoondoka matangani.

Miaka ikenda. Mke akafariki. Simu za kijana zikawa za Idi, na za siku akikumbuka. Si kwamba ni mtoto mbaya, nisimsingizie. Alikuwa akituma matumizi, alikuwa akiuliza afya, lakini simu ya mtu anayefanya kazi haina mazungumzo. "Baba hujambo? Dawa zipo? Haya baba, naitwa." Na Dereva, ambaye maneno kwake yalikuwa kama ya kukopa, hakujua namna ya kumzuia asikate.

Ndipo ikaja hiyo habari ya gari. Tajiri wa yadi alikuwa anafunga biashara. Gari za maana, za kubeba watu na mizigo, zilikwisha kuuzwa. Zikabaki mbili, zote za milango miwili, za watoto wa matajiri, ambazo hapana mwenye akili aliyezitaka kwa haraka. Akamwambia kijana, haki yako ya miaka yote uliyonifanyia, chagua moja uchukue. Kijana akampigia baba yake, mwenyewe kafurahi: "Baba, miye siitaki. Yako weye. Tazama picha uchague, hiyo utakayo ndo ntakayokuletea."

Picha tulizitazama sote, mtaa mzima, kwa zamu. Ya kwanza ilikuwa mpya, haijawahi kutiwa barabarani. Buluu ya kuiva, inang'aa mpaka unajiona, siti za ngozi zingali na nailoni zake. Chini kabisa, kama imechuchumaa. Usukani uko kushoto, kama gari zote za huko Uarabuni. Ya pili ilitokea Japani, usukani kulia kama zetu, lakini lo! Nyeupe, imekwaruzika, mlangoni bado kuna alama ya namba iliyobanduliwa. Siti za nyuma zimeng'olewa. Ndani yamepitishwa mabomba ya chuma, huku na huku, kama tundu la kuku, ili ikipinduka isimponde mtu. Haina redio, haina kiyoyozi, na madirisha yake ni plastiki ngumu isiyoshuka, yana kitundu tu cha kuteleza, kiganja kinapita kwa shida. Ndiyo ile gari ya mtoto wa tajiri. Ndiyo ile iliyokuwa ikizunguka kwenye simu.

Hapakuwa na la kujadiliwa. Shehe wa msikitini kwao alisema mpya ina heshima na zawadi ya mtoto haikataliwi. Jirani yake mwenye duka alisema achukue mpya, aiuze Unguja hata kabla haijapoa, atie bati jipya nyumba nzima, na kitakachobaki ale mpaka afe. Mimi nilisema kama mwenye duka, tena kwa sauti kubwa zaidi. Nyumba yake ilikuwa inavuja. Mvua ikinyesha yeye na ndoo zake wanahama chumba kwa chumba, na mzee mwenye presha hafai kulala rutubani.

Dereva akasema anaitaka ile nyeupe.

Watu walidhani anafanya mzaha. Halafu wakaona hafanyi, wakaanza kumuuliza, na kila aliyemuuliza akapewa jibu lake. Shehe aliambiwa kwamba gari mpya ni israfu na anaogopa kiburi uzeeni. Mwenye duka aliambiwa kwamba usukani wa kushoto hauwezi, mikono yake imeshazoea. Vijana wa bodaboda aliwaambia: "Ngojeni ifike, nkufundisheni mbio," nao wakamshangilia, wakasema mzee amerudi ujana. Wengine wakasema akili imeanza kupungua. Hilo lilinichoma kidogo, kwa sababu akili yake naijua.

Akaja kwangu jioni moja, kabla ya kumjibu mwanawe. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, maana ndicho kilichokuwa karibu, akaniwekea simu mapajani.

"Sista, hino mpya nkiichagua, itakujaje?"

"Itakuja na meli. Ajenti ataitoa bandarini, atakupa ufunguo wako. Kazi kwisha."

"Anoileta nani?"

"Si nimekwambia ajenti? Husikii?"

"Nnasikia." Akaisukuma picha kwa kidole, ikaja ile nyeupe. "Na hino?"

Nilikuwa nishaanza kuona anakokwenda.

"Hino kanambia mwenyewe," akasema. "Kanambia, baba, hii haiwezi mtu mwengine. Kila boliti nimeikaza miye. Itapakiwa vipandevipande, ikishuka bandarini lazima niwepo niifunge, ama haitakwenda hata hatua." Akachukua simu yake, akaitia mfukoni, akapangusa mapaja. "Basi. Nshachagua."

"Dereva, nyumba yako inavuja."

"Na ivuje."

Nilikasirika, nasema kweli. Nilimwambia kama anamtaka mwanawe si amwambie tu, mdomo anao: mwanangu njoo, nimekukumbuka. Akanitazama kama niliyemwambia avue nguo sokoni. "Ntamwambiaje mtoto aache kazi yake kwa sababu yangu? Aje kwa gari. Gari ni sababu ya ntu mzima." Nilikuwa na majibu mengi, lakini nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, na hasira nayo inataka nguvu. Nikamwacha na fikra zake.

Chumba kilipakwa chokaa. Chumba cha kijana, si chengine, na bati la juu ya chumba hicho tu likazibwa. Godoro jipya. Shuka alikuja kuniuliza za rangi gani, nikamwambia kijana halali na rangi, akaenda akanunua nyeupe. Kila siku alikuwa akifungua dirisha asubuhi na kulifunga jioni, chumba kipate hewa.

Simu ikaja meli ikiwa njiani. Kijana amepata kazi kwa tajiri mwengine, ya haraka, hawezi kusema hapana, wangempa mwengine. Ila baba asiwe na wasiwasi. Hakuifungua gari kama alivyosema mwanzo. Alikesha akikaza kila boliti mwenyewe kabla haijapakiwa, imekamilika, ni kutia mafuta na kuwasha. Na kama kutakuwa na tatizo, atamwelekeza kwa simu, siku hizi kila kitu kinaonekana. "Miye ntafuatia, baba. Inshallah." Dereva alinisimulia hayo kwa maneno machache. Nikataka kusema nilikwambia, nikaona sina faida nayo.

Siku gari iliposhuka watu walijaa bandarini kama kwenye mchezo wa ng'ombe. Ajenti akampa ufunguo na karatasi za kutia sahihi. Nilikuwepo, nilimsindikiza mwenyewe. Akaizunguka ile gari mara moja, akachungulia ndani kupitia dirisha la plastiki, akatazama na kwenye lango la meli, anatazama tu, kama mtu anayejua hakuna wa kushuka lakini macho hayakuambiwa. Halafu akaingia ndani ya yale mabomba yake, kwa tabu, mguu mmoja kwanza, kilemba kikadondoka, akawasha.

Mungu wangu, kelele! Watoto walilia. Mimi nilikaa pembeni yake kwenye siti ngumu kama kiti cha daktari wa meno, na safari yote nikawa nasoma kila dua niliyofundishwa utotoni chuo cha Kurani. Bure, kwa sababu Dereva alikwenda mwendo wake ule ule. Gari yenye mbio kuliko zote kisiwani, na baiskeli zinatupita. Kila tuta tumbo la gari linakwaruza, na yeye anauma meno kama anakwaruzwa yeye. Honi haikuwa nayo, waliing'oa ipungue uzito. Kwa hivyo kila baraza alikuwa akisimama kabisa, anafungua kile kitundu, anapitisha vidole vinne, anavipunga. Watu hawamwoni uso, wanaona vidole tu. "Waalaikumu salaam, Dereva!" wanavijibu vidole.

Ilikuwa msimu, na karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya njia. Tulipopita karibu na jamvi moja, akabadilisha gia, bomba la moshi likakohoa kikohozi kimoja kizito, karafuu zikaruka zote zikaingia majanini. Mwenyewe, bibi mkubwa wa makamo yetu, akatoka na ufagio. "Hino gari au jini?" Dereva akazima, akatoka kwenye tundu lake, akapiga magoti akaanza kuziokota moja moja. Nami nikaokota, na magoti yangu haya. Mpaka laasiri ikaadhiniwa tuko majanini, bibi kachoka kugomba, katuletea maji.

Baada ya hapo sikumwona kwa muda. Nilikuwa naumwa, na mtu ukiumwa kwenu hakuishi kazi. Lakini habari zilinifikia. Gari ya Dereva haiwaki. Gari ya Dereva imeharibika tena. Leo mafuta hayapandi, jana taa, juzi klachi. Mwenye duka akapita kwangu makusudi kuniambia: tulisema. Vijana wa bodaboda walikwisha kukata tamaa naye. Nikaona hapana, nitakwenda, nimwambie aiuze hata kwa vyuma chakavu, apumzike. Nilijitayarisha maneno kabisa.

Nilifika alasiri. Nilipiga hodi, hakunisikia, kwa sababu huko uani gari ilikuwa ikiunguruma. Nikazunguka nyumba taratibu, nashika ukuta. Ilikuwa ikiunguruma vizuri. Mimi si fundi, lakini nimekaa garini umri wangu wote, nyonga na masikio yangu yanajua injini yenye maradhi. Ile haikuwa na maradhi yoyote. Dereva alikuwa amesimama mbele yake boneti iko wazi, mikono nyuma, anaisikiliza kwa raha.

Akaizima. Akachukua spana iliyokuwa juu ya mtungi, akainama, akalegeza waya wa betri, akauchomoa, akaulaza pembeni. Akaingia ndani akajaribu ufunguo: kimya. Akatoka, akanawa mikono, akaifuta kwa shuka aliyojifunga, akavaa miwani, akapiga simu na kuishika mbali, waonane nyuso.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wajionaje huko?"

"Sijambo. Vipi, gari?"

"Imekataa tena."

"Lahaula! Ukiwasha inalia au iko kimya?"

"Kimya kabisa."

"Basi hiyo betri, baba. Fungua boneti utazame waya wa betri."

Dereva akaitazama betri. Iko mbele yake, kubwa kama tofali. Nilishamwona mtu huyu amelala chali ndani ya tope, usiku wa mvua, anashusha gia boksi ya gari ya wagonjwa kwa kurunzi niliyoishika mimi, na kabla ya alfajiri akairudisha.

"Betri ndo ipi?" akauliza.

Kijana akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyepata nafasi ya kukaa. Nikasikia kiti kinavutwa huko Dubai. "Baba we! Haya, ngoja. Igeuze simu nione. Si hiyo, hiyo ya maji. Kushoto. Kushoto kwako, baba!" Dereva akaipeleka simu kulia. "Hapa?" "Siyo!" "Hapa je?" Kijana anaeleza, anarudia, anamwita mwenziwe aje aone baba yake anavyohangaika, mwenziwe anamsalimia mzee, mzee anamuuliza kwao wapi. Wakaenda hivyo, kutoka kwenye betri mpaka kwenye joto la huko, mpaka kwenye mtu wa Vitongoji wanayemjua wote wawili, kurudi tena kwenye betri. Mimi mdomo ninao, na kijana huyo mikono hii ndiyo iliyompokea. Ningeweza kupaza sauti nikamwambia kila kitu kwa sentensi moja. Nikashika ukuta wangu, nikawaacha wazungumze.

"Nikipata ruhusa ntakuja niitazame mwenyewe, baba."

"Inshallah, mwanangu."

Alipokata ndipo aliponiona. Hakushtuka, wala hakuona haya. Aliurudisha waya mahali pake, akaukaza kwa spana, akafunika boneti, akaniletea kigoda. Nilikaa. Yale maneno niliyoyatayarisha nikayatafuta, sikuyaona.

"Leo kaniuliza nimekula nini," akasema.

"Nimesikia."

"Kaniuliza na mboga."

Tukakaa, wazee wawili na gari. Halafu nikamuuliza, na kesho je, itaharibika nini?

Akafikiri sana, anaitazama ile boneti.

"Kesho Ijumaa," akasema. "Hendi kazini. Kesho iharibike kubwa."